Dafrosa na Wanawake Wasiopiga Yowe

Nachingwea ina watu wanaojua kutazama picha, halafu ina Dafrosa. Hao wengine wakishalipa kiingilio katika banda la video la Swalehe, pale nyuma ya soko, wanakaa kwenye benchi, wanatafuna karanga zao, wanangoja stelingi amtandike adui ili warudi makwao wakiwa wametulia. Dafrosa hakuwa akienda kutazama. Alikuwa akienda kutoa hukumu.

Jumapili akitoka misa ya pili alipitia kwake kubadili viatu, na ikifika saa nane mchana alikuwa ameshakaa benchi la tatu, mwishoni, karibu na nguzo. Alikuwa fundi cherehani wa miaka thelathini na mbili, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Siku sita za wiki alishinda kwenye baraza ya duka moja sokoni akishona sare za shule na magauni ya wanakwaya, na kazi ile ilimharibu. Mtu aliyezoea kupima mara mbili kabla ya kukata hawezi kumwona mwenzake anakata hovyo akanyamaza, hata kama mwenzake huyo yuko ndani ya televisheni.

Picha alizozipenda, au tuseme alizozichukia kwa mapenzi yake yote, ni zile za mwanamke anayefuatwafuatwa na mwanamume. Mnazijua. Mwanamke mzuri, nyumba kubwa isiyo na jirani, simu inaita akipokea hakuna anayesema, halafu tunaonyeshwa ncha za viatu chini ya pazia. Swalehe alikuwa nazo nyingi, zimetafsiriwa Kiswahili na jamaa mmoja anayesema kwa niaba ya wahusika wote, wanawake kwa wanaume, na akichoka anaeleza tu kwamba hapa dada amekasirika.

"Mtazameni," Dafrosa alikuwa akisema. "Kasikia kitu kimeanguka jikoni. Sasa anashuka. Peku, na mshumaa mkononi. Umeme umekatwa, mbwa haonekani, na yeye anauliza nani hapo. Anategemea ajibiwe nini? Kwamba ni mimi jirani, nimekuletea kisamvu?"

Banda zima lilicheka. Swalehe, mwenye banda, aligundua kwamba Jumapili ambayo Dafrosa alikuwa na homa watu walitoka kabla picha haijaisha, na tangu siku ile akawa hamtozi kiingilio. Alimwita Hakimu. Watu wa Nachingwea wakilipenda jina hawaliachi, na kufikia masika ya mwaka huo hata padri alikuwa akimwita hivyo.

Hukumu zake zilikuwa kali. Yule aliyempiga adui kikaango kimoja cha kichwa, akakitupa kikaango na kuanza kulia, alimpa kifungo cha maisha. Yule aliyeingia chumbani kwa adui, akakuta ukuta mzima umebandikwa picha zake mwenyewe, halafu badala ya kutoka mbio akaanza kuzitazama moja moja kama mtu anayechagua kitenge, huyo alisema hata hahitaji hakimu, kajihukumu mwenyewe. Waliomkera kuliko wote walikuwa wale waliokimbia. Wakivamiwa mjini, kwenye watu, wanafunga virago na kwenda kujificha kwa ndugu porini, nyumba iko peke yake, njia moja ya kuingilia na hiyohiyo ya kutokea. Wanamkuta adui huko amekaa kwenye kiti anawangoja.

"Hawa wenzetu hawana majirani?" aliuliza kila wiki. "Hawana mwenyekiti wa kitongoji? Kwa nini hawapigi yowe? Mtu amfuate mwanamke hapa Nachingwea siku mbili tu, uone kama kuna asiyejua."

Na hapo alikuwa na haki kabisa. Alipokuja kufuatwa yeye, hakuna ambaye hakujua.

Jamaa mwenyewe aliitwa Modest. Alikuwa kijana wa bodaboda, na hilo neno kijana ni heshima tu, maana thelathini na sita alishaivuka. Mcheshi, nadhifu, helmeti yake inang'aa, anamjua kila mama sokoni na jina la mwanawe wa kwanza. Ukoo wake wa Nambambo na ukoo wa kina Dafrosa wa Lionja ni watani tangu zamani. Chanzo chake kila mzee anacho cha kwake: wengine wanasema mababu walipigana, wengine wanasema walizikana wakati wa njaa. Kilichobaki ni ruhusa. Mtani wako anaweza kukuita mtumwa wake mbele ya mkweo, akabeba kuku wako, akaja kwenye msiba wako akalala ndani ya kaburi lililochimbwa na kukataa kutoka mpaka apewe chake, na wewe huna ruhusa ya kununa. Ukinuna aibu ni yako.

Mwezi wa tano, ufuta ukiwa unakauka mashambani, Modest alileta suruali ya kupunguza kiuno, akakaa pale barazani mpaka wateja wakaisha, akamwambia Dafrosa anataka kumwoa. Dafrosa alicheka akidhani ni mambo yao yaleyale. Modest akarudia, safari hii hatabasamu. Dafrosa akaacha kucheka, akamshukuru, akakataa. Hakumpenda, basi, na hiyo ni sababu inayojitosheleza ingawa watu wengi wanataka iongezewe nyingine. Modest akasema sawa mtani, akachukua suruali yake, akaenda zake.

Kesho yake asubuhi pikipiki ilikuwa imeegeshwa ng'ambo ya barabara, imeelekea kwenye baraza. Modest amekaa juu yake, amekunja mikono. Abiria walikuja wakamwomba awapeleke, akawaelekeza kwa wenzake. Kila aliyeuliza alimjibu kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye mashine za kusaga.

"Huyu pale ni mali ya babu yangu. Nachunga isiibiwe."

Soko lilikufa kwa kucheka. Tuseme ukweli, wiki ile ya kwanza Dafrosa naye alicheka, akamrushia mabaki ya vitambaa na kumwambia akajishonee akili. Wiki ya pili Modest alihamia na nje ya kanisa siku ambazo Dafrosa alikuwa na mazoezi ya kwaya. Wiki ya tatu akawa anamfuata kisimani, pikipiki imewashwa, inatambaa nyuma yake kwa mwendo wa mtu mwenye ndoo kichwani. Akisimama, inasimama. Akiharakisha, inaharakisha. Akisema imetosha, inapigiwa honi. Watu walipanga mstari kutazama.

Halafu ukaanza ujumbe kwenye simu. Wa kwanza ulisema kitenge cha kijani kinampendeza akikaa kuliko akisimama. Uliofuata ukasema leo umekula wali maharage na hukumaliza. Dafrosa aliacha kucheka kwenye ule wa wali, kwa sababu ule wali aliula ndani kwake, mlango ukiwa umefungwa. Ule wa mwishoni mwa mwezi wa sita alisimama akausoma mara tatu. Ulisema: dirisha lako la nyuma ubao mmoja umelegea, nimeubonyeza.

Sasa hapa ndipo Hakimu alipopata bahati ambayo wale wanawake wa kwenye picha hawaipati. Sheria anazijua zote, amezitunga mwenyewe. Akaamua kuzifuata.

Alianza na yowe. Mchana kweupe, njia ya kisimani, pikipiki inatambaa nyuma, alitua ndoo chini, akajaza kifua, akapiga yowe ambalo halijasikika Nachingwea tangu lori la mkaa lilipopinduka. Na watu walikuja, hilo lazima wapewe sifa. Walikuja na fimbo, walikuja na mchi, mmoja alitoka kwa kinyozi povu likiwa nusu ya uso. Wakamkuta Modest amenyoosha mikono juu, amekaa juu ya pikipiki yake.

"Nimekamatwa na mtumwa wangu," akasema.

"Ah, kumbe mtani," akasema yule wa povu, na uso ulimlegea. Walicheka mpaka wakashikana mabega. Mmoja akamshauri Dafrosa ampe mbuzi yaishe. Yule wa povu alirudi kwa kinyozi akilalamika kwamba amekatiziwa ndevu kwa mambo ya kitoto. Dafrosa alijitwika ndoo yake, maji nusu yameshamwagika, akaendelea na safari, na pikipiki nyuma.

Akamwendea Raudha, ambaye meza yake ya chapati ilipakana na cherehani miaka minne, na ambaye waliitana naye shoga kwa haki kabisa. Alimwonyesha ujumbe wote. Raudha alisoma huku akipangusa unga mikononi.

"Shoga, mimi nakupenda, lakini zile picha za Swalehe zimekuingia," akasema. "Mwanamume anakupenda, ni mtani wako, hajui kusema kwa adabu. Wewe umeshamwekea kisu mkononi."

"Na ubao wa dirisha?"

"Si amekwambia umelegea? Adui gani anakwambia ukatengeneze dirisha?"

Dafrosa akachukua simu yake. Akaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Saturnini, akamwomba barua ya kupeleka polisi. Saturnini alikuwa mtu mzuri, aliyeogopa kuchekwa kuliko alivyoogopa nyoka. Alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Dafrosa mwanangu, niandike nini? Kwamba mtani wake anamtania? Barua ile ikisomwa huko nitakayechekwa ni mimi. Wewe vumilia. Atachoka."

Jumapili ile alikwenda bandani kama kawaida, akakaa pale pale kwenye nguzo. Picha ilikuwa ya mwanamke anayefanya kazi maktaba. Simu zilikuja, viatu chini ya pazia vilikuja, mwanamke hakumwambia mtu. Watu walianza kugeuka kumtazama Dafrosa, wanangoja. Yeye kimya. Mwanamke akashuka ngazi na mshumaa. Kimya. Mwishowe Swalehe alisimamisha picha, kitu ambacho hakuwahi kukifanya, akauliza kutoka kule mlangoni kama Hakimu anaumwa.

"Nawaza labda ameshasema," Dafrosa akajibu. "Labda alisema kabla picha haijaanza. Aliwaambia wote, na hawa waliotengeneza wakaona sehemu hiyo haina maana, wakaikata."

Hawakujua kama ilikuwa kichekesho. Kisha mtu alicheka kutoka benchi la nyuma, cheko refu la furaha, na banda zima likamfuata. Dafrosa hakuhitaji kugeuka kujua ni nani amekaa nyuma yake.

Na sasa tufike mahali ambapo mwenyewe hataki pasimuliwe. Mwezi wa nane, Hakimu Dafrosa, aliyewafunga maisha wanawake wangapi sijui kwa kosa hilohilo, alifunga virago vyake akaenda kujificha kwa ndugu shambani. Nyumba ya shangazi yake, Dionisia, iko Nambilanje, upande wa Ruangwa, mwisho wa njia, mikorosho kushoto na mikorosho kulia, jirani wa karibu unamwita kwa kupiga debe. Njia ya kuingilia ni moja. Ungemuuliza siku ile amefikiria nini, angekwambia kwamba hakufikiria, alitaka tu kukaa mahali asikotazamwa akila. Aliondoka alfajiri, hakumwaga mtu isipokuwa Raudha, akapanda Noah ya abiria hadi Ruangwa mjini, akapanda nyingine, akamalizia kwa miguu na begi kichwani, na kila hatua mabega yalikuwa yanashuka kidogo. Alipofika uani akawa anaimba.

Modest alikuwa amekaa kwenye mkeka, ananawa mikono. Mbele yake ugali, mlenda, na firigisi ya kuku, ambayo kwa shangazi Dionisia hapewi mtu ovyo.

"Mtani wako amefika tangu asubuhi," shangazi akasema kwa furaha. "Kaniambia mnakuja pamoja, wewe umechelewa gari. Kijana ana maneno huyu, nimecheka mpaka mbavu zinaniuma."

Siku ile Dafrosa alijifunza kwamba mtu anaweza kusimama katikati ya uwanja na begi kichwani akashindwa kuinua mguu. Aliwakumbuka wale wanawake wote aliowatukana kwa sababu walisimama tu adui anapokuja, na aliwaomba radhi mmoja mmoja kimoyomoyo. Shangazi alipoingia jikoni kuongeza mboga, Modest alikata tonge, akalichovya, akazungumza kwa sauti ya chini, ya upole kabisa.

"Safari nyingine ukiondoka uniage. Nisipokuona sijisikii vizuri. Sijui naweza kufanya nini."

Kisha shangazi akarudi, na Modest akamsimulia habari ya babu yake Dafrosa aliyeuzwa kwa kibuyu cha asali.

Dafrosa alirudi Nachingwea siku ya tatu. Akaugongomea ubao wa dirisha misumari tisa, akawa halali mpaka kuku wa kwanza awike. Mchana alisinzia kwenye cherehani, na sindano ikamchoma kidole mara mbili. Wateja walimtania kwamba mapenzi ya mtani yanamkondesha. Aliogopa, tuseme wazi, na kilichomchosha zaidi ya woga ni kuogopa peke yake katikati ya watu wanaocheka.

Mwezi wa kumi, korosho zimeanza kuokotwa, bibi yake Modest, mama mzaa baba, alifariki kule Nambambo akiwa ameshiba siku zake. Watani wote wa Lionja walikwenda, maana mtani asiyekuja msibani ndiye anayesemwa, na Dafrosa alikwenda nao. Shangazi Dionisia alitoka Nambilanje. Mzee Saturnini alikuja na watu wa kitongoji. Mazishi yalipita salama, na siku ya tatu, ya kumaliza matanga, asubuhi baada ya uji, watani wakaachiwa uwanja.

Walifanya kazi yao. Mmoja alizima moto wa wapishi kwa maji. Mjomba mmoja wa Lionja alivaa gauni la marehemu, akazunguka na mkongojo akidai ugoro na kuwalaumu wakwe kwa sauti ya marehemu mwenyewe, na wafiwa walicheka wakijifuta machozi ambayo sasa hayakujulikana ni ya nini. Modest alikuwa mbele kabisa kwenye benchi la wanaume, anapiga makofi kuliko wote.

Dafrosa aliinuka. Hakuwa amepanga, au kama alipanga hajamwambia mtu. Alikwenda kwenye pikipiki ya Modest chini ya banda la makuti, akachukua helmeti, akaivaa. Akapita jikoni akachukua mchi, akaupandia kati ya miguu, akauwasha kwa mdomo. Uwanja ukalipuka. Alifika mbele ya mama yake Modest, mwanamke mnene mcheshi, ambaye ndiye aliyemrithisha mwanawe ule ulimi.

"Mama, inuka," akasema. "Leo wewe ndiye Dafrosa. Mimi ni Modest."

Mama alijitandazia kanga mabegani, akainuka kwa madaha, akaanza kutembea kwa mikogo huku amejitwika ndoo isiyokuwepo. Dafrosa akamfuata na mchi wake unanguruma, hatua moja nyuma. Mama akisimama, mchi unasimama. Mama akienda upesi, mchi unaenda upesi.

"Nachunga mali ya babu," Dafrosa alitangaza kwa sauti ya Modest, na mtu mmoja alianguka kwenye mkeka kwa kucheka.

Mama alizunguka uwanja mara moja, akarudi kuketi. Dafrosa alichuchumaa mbele yake, karibu kiasi cha kuhesabiana kope, akamkazia macho. Mama alicheka akatazama pembeni. Aliporudisha uso, macho yalikuwa palepale. Akainuka kwenda jikoni kuangalia wali, mchi ukamfuata jikoni. Akaenda ghalani, ukamfuata ghalani. Akaelekea chooni, ukamfuata, ukasimama nje ya mlango wa makuti ukinguruma taratibu. Watu waliendelea kucheka. Mama alipotoka hakuwa anacheka sana.

"Haya mtani, umefanya vizuri, imetosha," akasema, akaenda kujibanza katikati ya wanawake wenzake.

Dafrosa aliwapita wanawake, akaketi nyuma ya mama, akamwegemezea kidevu karibu na bega. Hakunguruma tena. Alipumua tu. Mama akapandisha bega, akasogea. Dafrosa akasogea. Mama akasogea tena, kanga ikamdondoka, hakuiokota.

"Leo umekula uji," Dafrosa akamwambia polepole. "Hukumaliza."

"Nimesema imetosha," mama akasema, na safari hii ilikuwa sauti ya mtu mzima aliyekasirika, ya kusikika uwanja mzima.

Dafrosa alivua helmeti.

"Na mimi nilisema hivyo, mama. Mwezi wa sita."

Akatoa simu, akasoma ujumbe mmoja baada ya mwingine, bila kuigiza sauti ya mtu, kama anavyosoma vipimo vya mteja. Kitenge cha kijani. Wali maharage. Ubao wa dirisha. Kufikia ule wa dirisha kicheko kilikuwa kimebaki kwa watu wawili watatu wa nyuma ambao hawakusikia vizuri, nao wakagongwa viwiko wakanyamaza. Shangazi Dionisia alizungumza kutoka mkeka wa pembeni, hakumtazama mtu.

"Alikuja mpaka kwangu. Nilimpa firigisi."

Modest aliinuka na tabasamu lake, akafungua mikono kama siku ile ya kisimani.

"Jamani, si utani huu?"

Alingoja. Watu wa Nambambo na watu wa Lionja, ambao hawajawahi kupitwa na mzaha tangu mababu, walimtazama kama wanavyomtazama mgeni aliyeingia na viatu kwenye mkeka. Tabasamu lilikaa usoni kwake muda mrefu kuliko lilivyohitajika. Mjomba wake mkubwa, bado hajaondoka kwenye benchi, alinyoosha kiganja akataka ufunguo wa pikipiki, na Modest akaupapasa mfukoni mara mbili kabla ya kuupata.

Mama yake hakumtazama. Aliokota kanga yake, akaikung'uta vumbi, akajifunga vizuri, akavuka uwanja hadi alipokaa Mzee Saturnini, ambaye dakika kumi zilizopita alikuwa mmoja wa waliocheka kwa nguvu.

"Mwenyekiti, huyu binti alikuja kwako?"

Saturnini alivua miwani. Alikubali kwa kichwa.

"Ukamwambia nini?"

"Alitaka barua ya polisi. Nilimwambia avumilie."

"Basi leta karatasi."

"Mama, niko msibani, sina karatasi wala kalamu."

Mama aliomba lile daftari la shule lililokuwa mezani kwa waandika rambirambi, akachana ukurasa wa katikati, akamwekea magotini na kalamu juu yake. 

"Shahidi wa kwanza andika mimi. Nimefuatwa robo saa tu, Saturnini, mchana, nyumbani kwangu, katikati ya ndugu zangu, na nilijua ni mchezo. Andika."